Kodiani ya Piano katika Muziki wa Urusi na China

Kodiani ya piano ni ala ya upepo inayobebwa kifuani kwa mikanda miwili. Mkono wa kulia hupiga vibonyezo vyeupe na vyeusi vilivyopangwa kama vya piano, ambavyo hufikia 41 kwenye ala ya ukubwa kamili. Mkono wa kushoto hufungua na kufunga mivukuto, na papo hapo vidole vyake hubonyeza vitufe vya besi, kwa kawaida 120, ambavyo mpigaji hawezi kuviona. Hewa inayosukumwa na mivukuto hupita kwenye ndimi ndogo za chuma, na kila ulimi hutikisika na kutoa sauti yake. Wapenzi wa taarabu ya Unguja wanaijua ala hii vizuri, na huko Kenya ndiyo iliyochezewa mwomboko wa Wagikuyu. Urusi na China ziliipokea, pamoja na jamaa zake wa vitufe, kwa upana zaidi, kwani iliingia vijijini, jeshini, viwandani na mashuleni, ikakaa huko vizazi kadhaa.

Nyimbo za nchi hizo mbili mara nyingi hupangwa pamoja katika tamasha moja, lakini hazikai kwenye kodiani kwa namna moja. Tofauti hiyo husikika zaidi kwenye mkono wa kushoto. Vitufe vya besi vimepangwa kwa mfumo ambao tayari umeamua ni sauti zipi zilie pamoja. Safu mbili ni za besi moja moja, na safu nne zilizobaki ni za kordi zilizokwisha kuundwa: meja, maina, saba na iliyopunguzwa. Kila kitufe na jirani yake katika safu hupishana kwa hatua ya tano: fa, do, sol, re, la, mi, na kuendelea. Mpangilio huo ulizaliwa kutokana na muziki wa dansi wa Ulaya wa karne ya 19. Muziki wa Kirusi ulikuwa umekwisha kuuzoea kabla kodiani ya piano haijafika, ilhali ule wa Kichina ulilazimika kushindana nao.

Chombo chenyewe kina asili ya mbali. Ulimi huru, yaani ulimi unaotikisika ndani ya tundu lake bila kugonga ukingo, ulitumika Asia Mashariki kwa karne nyingi kabla ya Ulaya kuujua vizuri. Sheng ya China ni fungu la mirija ya mianzi iliyochomekwa kwenye bakuli, na mpigaji hupuliza na kuvuta pumzi kupitia mdomo wa bakuli hilo. Mabaki ya sheng yalifukuliwa katika kaburi la mtawala Yi wa dola ya Zeng, mkoani Hubei, aliyezikwa yapata mwaka 433 kabla ya Kristo. Katika miaka ya 1740 mpiga fidla Johann Wilde alikuwa akiipiga sheng huko St. Petersburg. Katika miaka ya 1770 padre Mjesuti Joseph-Marie Amiot, aliyeishi Beijing, alipeleka sheng Paris. Mwaka 1780 Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg kilimtunza Christian Kratzenstein kwa mashine yake ya kuigiza vokali za binadamu, iliyotumia ndimi. Kutoka hapo majaribio yaliongezeka, hadi Cyrill Demian wa Vienna alipopata hataza ya ala aliyoiita akodioni mnamo Mei 1829.

Ala ya Demian ilikuwa ndogo, na tangu mwanzo kila kibonyezo chake kilitoa kordi nzima. Ilisambaa upesi kwa sababu mtu asiyejua noti hata moja aliweza kuitumia kuandamana na wimbo. Kwa masimulizi ya Tula, fundi wa silaha Ivan Sizov aliinunua moja kwenye soko kuu la Nizhny Novgorod mwaka 1830, akaifungua, akatengeneza yake. Tula ulikuwa mji wa mafundi wa chuma, wenye kiwanda cha bunduki tangu enzi za Petro Mkuu na sifa kubwa ya kutengeneza samovari. Kukata ulimi mwembamba wa shaba na kuukwangua hadi ufikie sauti inayotakiwa ilikuwa kazi ambayo mikono ya pale ilikuwa tayari kuifanya. Baada ya muda mfupi warsha za familia zilijaa mjini, na garmon, kama Warusi walivyoiita, ikaanza kuuzwa nchi nzima.

Kila eneo liliitengeneza kwa namna yake. Garmon ya Saratov iliwekewa kengele ndogo zinazolia pamoja na besi. Ile ya mji wa Livny ilikuwa na mivukuto mirefu mno inayoweza kunyooshwa kama upinde mkubwa. Nyingine zilitoa sauti moja kwa kuvuta na nyingine kwa kusukuma, nyingine zilitoa sauti ileile pande zote mbili, na kila aina ilizaa mtindo wake wa kucheza. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 garmon ilikua sambamba na chastushka, beti fupi za mzaha, mapenzi na masengenyo zilizoimbwa kwa kupokezana kwenye mikesha ya vijijini.

Wakusanyaji wa nyimbo za kale hawakuipenda. Walilalamika kwamba uimbaji wa zamani, ambamo kila mwimbaji aliutembeza wimbo kwa njia yake na sauti zikaachana na kukutana, ulikuwa unapondwa na kordi mbili tatu zilizokwisha kuundwa kiwandani. Malalamiko yao yalikuwa na msingi. Nyimbo nyingi zinazosikika leo kuwa za Kirusi kabisa zimeshanyooshwa na vitufe hivyo, na ndiyo maana zinatua bila taabu kwenye kodiani yoyote. Kabla ya kodiani ya piano kuwafikia, Warusi walikuwa wameishi na mkono wa kushoto wa namna ile kwa vizazi kadhaa, na sikio lao lilikwisha kuumbwa nao.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuipa garmon sauti zote kumi na mbili. Katika miaka ya 1870 Nikolai Beloborodov wa Tula, ambaye hakuwa mwanamuziki kwa kazi, alimwagiza fundi Leonty Chulkov amtengenezee garmon ya kromatiki, kisha akaunda okestra ya ala hizo. Pyotr Tchaikovsky naye aliandika sehemu ya kodiani nne katika Suti yake ya Pili ya mwaka 1883, ingawa aliruhusu ziachwe zisipopatikana. Mwaka 1907 fundi Pyotr Sterligov wa St. Petersburg alimtengenezea mpigaji Yakov Orlansky-Titarenko ala kubwa ya vitufe iliyopewa jina bayan, kwa heshima ya mtambaji wa kale Boyan. Hadi leo bayan ndiyo ala kuu ya jamii hiyo nchini Urusi, na mpigaji wa kodiani ya piano hupimwa kando yake.

Serikali ya Kisovieti iliichukua garmon kama ala ya wafanyakazi na wakulima. Mwaka 1926 mashindano ya wapigaji yalienea katika miji na wilaya kwa msukumo wa Komsomol, jumuiya ya vijana wa Kikomunisti, na Anatoly Lunacharsky, kamishna wa elimu, aliyaunga mkono. Mwaka 1937 Pavel Gvozdev alipiga konseto ya bayan na okestra iliyotungwa na Feodosiy Rubtsov, na mwaka 1944 Nikolai Chaikin akaandika sonata ya bayan katika si maina. Taasisi ya Gnessin mjini Moscow ilipofungua idara ya ala za kiasili mwaka 1948, bayan ilipata mahali pa kufundishwa kwa kiwango kilekile cha fidla na piano.

Kodiani ya vibonyezo vya piano ilikuwa imebuniwa Ulaya katika miaka ya 1850, lakini ilienea kwa kweli mwanzoni mwa karne ya 20, ikisukumwa na mafundi na wapigaji wa Kiitalia waliohamia Marekani. Katika Urusi ya kabla ya vita ilikuwa adimu. Vita vya Pili vya Dunia vilibadili hali hiyo. Wanajeshi waliorudi kutoka Ujerumani mwaka 1945 walibeba kodiani za huko, zikiwemo za Hohner, zilizong'aa kwa seluloidi ya rangi na kuwa na swichi za kubadilisha mlio. Baadaye Weltmeister za Klingenthal, Ujerumani Mashariki, ziliingia kwa njia ya biashara ya kawaida. Bayan ilibaki kuwa ala ya kijiji na ya chuo cha muziki, na kodiani ikawa ala ya mji, ya ukumbi wa dansi, ya tango na foksitroti. Valery Kovtun, aliyezaliwa mwaka 1942, alijenga jina lake kwenye ala hii na kuifanya ipendwe kwa nyimbo za mahadhi mepesi katika miongo ya mwisho ya Usovieti.

Wimbo wa Kirusi kwenye kodiani huanza na ufunguo wa maina. Katika la maina, kordi zinazotawala ni tatu: la maina yenyewe, re maina, na mi saba. Kwenye safu za besi, re, la na mi zimefuatana bila pengo. Kidole hupiga besi, kinachofuata hupiga kordi, na mkono hupanda au kushuka hatua moja tu kutoka mahali pake. “Katyusha” ya Matvei Blanter, iliyotungwa mwaka 1938 kwa maneno ya Mikhail Isakovsky, hutembea karibu yote kwenye hatua hizo tatu. Uchungu wake hutoka kwenye ile kordi ya saba. Sauti ya sol iliyopandishwa nusu huvuta kwa nguvu kurudi la, na kila inapobonyezwa msikilizaji hungoja kurudi huko. “Podmoskovnye vechera” ya Vasily Solovyov-Sedoi, maarufu duniani tangu tamasha la vijana la Moscow la 1957, hupanda kidogo kwenye meja ya jirani na kushuka tena kwenye maina, na mabadiliko hayo pia yako karibu chini ya vidole.

Kinachobaki ni kazi ya mivukuto. Wapigaji wa Kirusi huanza ubeti polepole, karibu bila mapigo, mivukuto ikifunguliwa kwa shinikizo dogo. Kisha huongeza mwendo ubeti baada ya ubeti, na katika marudio ya mwisho huitetemesha mivukuto ndani na nje kwa haraka hadi kordi zikatike vipande vipande. Mkono wa kulia hupamba wimbo kwa noti nyingi nyepesi, kila marudio yakiongeza pambo jipya. Mtindo huu wa tofauti juu ya wimbo mmoja ulitoka moja kwa moja kwa wapiga garmon wa vijijini, ambao walipaswa kuwachezesha watu usiku kucha kwa nyimbo chache.

Warusi ndio walioipeleka kodiani China kwa wingi, na njia yao kubwa ilikuwa reli. Harbin ulianza kujengwa mwaka 1898 kama kituo cha Reli ya Mashariki ya China, iliyomilikiwa na Urusi, na baada ya mapinduzi ya 1917 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kirusi walikaa humo pamoja na makanisa, shule na kumbi zao za dansi. Vita vya Urusi na Japani viliacha alama yake pia. Ilya Shatrov, kiongozi wa bendi ya kikosi kilichopigana karibu na Mukden, mji unaoitwa Shenyang leo, alitunga mwaka 1906 wolzi ya “Kwenye Vilima vya Manchuria” kuwakumbuka wenzake waliozikwa huko. Wolzi hiyo haijatoka mikononi mwa wapiga kodiani mpaka sasa. Upande wa magharibi, Warusi na Watatari walivuka mpaka kuingia Xinjiang. Katika miji ya Yining na Tacheng kodiani ilikuwa ala ya harusi na sikukuu kwa Warusi, Watatari, Wauyghur na Wakazakh, na Yining ina makumbusho ya kodiani.

Shanghai ilipokea kodiani kwa njia nyingine, kupitia Wazungu wa makazi ya kigeni na biashara ya ala. Lakini baada ya 1949 mvuto wa Kisovieti ndio uliotawala. Nyimbo za Kisovieti zilitafsiriwa na kuimbwa mashuleni na viwandani. Xue Fan alitoa tafsiri yake ya “Podmoskovnye vechera” mwaka 1957, na wimbo wa eneo la Ural uliotungwa na Evgeny Rodygin mwaka 1953 ukapata maisha marefu China, ukijulikana huko kama wimbo wa mti wa shanzha. Hata urafiki wa serikali hizo ulipovunjika mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyimbo hazikufutika kwenye kumbukumbu za watu waliokuwa vijana wakati ule. Viwanda vya nchini vilikuwa vimeanza kutoa kodiani zao wenyewe, na chapa ya Kasuku ya Tianjin ikawa maarufu kuliko zote. Tofauti na Urusi, China ilishika aina ya vibonyezo vya piano, na ndiyo iliyojaa kwenye shule na vikundi vya sanaa vya Jeshi la Ukombozi la Umma.

Nyimbo za Kirusi zilihitaji tu maneno mapya. Wimbo wa Kichina ulihitaji kufikiriwa upya. Nyimbo nyingi za kiasili za China zimejengwa juu ya sauti tano: do, re, mi, sol na la. Fa na si huachwa, au hupita haraka kama pambo. Mpigaji akipiga “Mo Li Hua”, wimbo wa ua la yasmini wa Jiangsu, mkono wa kulia hauna shida yoyote. Anaposhusha kidole cha kushoto kwenye sol saba, kordi ambayo sikio la Ulaya lingeitarajia kabla ya kurudi do, mambo huharibika. Kwenye kodiani kitufe cha saba kwa kawaida hutoa sauti tatu tu, kwa sababu ile ya tano huachwa; hivyo sol saba ni sol, si na fa. Sauti mbili kati ya hizo tatu ni zile ambazo wimbo wenyewe umezikataa. Wimbo uliokuwa wa Jiangsu hugeuka kuwa polka.

Watunzi na wapangaji wa Kichina walitafuta njia za kuupita mtego huo, na hapo ndipo ufundi wao unapostahili kusikilizwa kwa makini. Njia ya kwanza ni kuziacha kordi kabisa na kubonyeza besi mbili kwa pamoja. Kwa kuwa vitufe jirani hupishana kwa tano, do na sol hukaa chini ya vidole viwili vilivyokaribiana, na mlio unaotoka ni mtupu na mpana, usioegemea meja wala maina. Njia ya pili ni kuunganisha vitufe: do meja pamoja na la maina hutoa do, mi, sol na la, sauti zote za ndani ya zile tano. Njia ya tatu ni kuuacha mkono wa kushoto utembeze sauti ya pili ya wimbo kwa besi moja moja, ukimjibu mkono wa kulia badala ya kumwekea mapigo.

Mkono wa kulia ulibebeshwa kazi ya kuigiza ala za nyumbani. Mitetemo ya vidole vya mpiga pipa, ala ya nyuzi ya Kichina, hupatikana kwa kurudia kibonyezo kimoja kwa vidole vinne vinavyopokezana upesi. Milio ya sheng huigizwa kwa kuuongezea wimbo sauti ya nne au ya tano inayokwenda nao sambamba, jambo ambalo vitabu vya harmonia vya Ulaya viliwakataza wanafunzi kwa karne nyingi. Guzheng, ambayo nyuzi zake zimepangwa kwa sauti tano, hukwanguliwa kwa kidole kutoka juu hadi chini. Mpiga kodiani hupata kitu hichohicho kwa kuburuta mkono kwenye vibonyezo vyeusi peke yake, kwani vyeusi vitano vya kila oktavu huunda skeli kamili ya sauti tano. Erhu, fidla ya Kichina, ndiyo ngumu kuigizwa. Kidole cha mpiga erhu huteleza kwenye uzi bila ngazi, ilhali kibonyezo kina ngazi. Noti fupi ya pambo kutoka chini, ikifuatwa na mvuto mdogo wa mivukuto, hutoa kivuli cha mtelezo huo.

Mapinduzi ya Utamaduni ya 1966 hadi 1976 yaliipa kodiani nafasi ambayo piano haikuwa nayo. Piano ilishutumiwa kuwa mali ya mabepari, kiasi kwamba mwaka 1967 mpiga piano Yin Chengzong aliibeba yake kwa lori hadi Uwanja wa Tiananmen ili kuonyesha kwamba inaweza kuutumikia umma. Kodiani haikuhitaji lori. Ilibebwa mgongoni kwenda mashambani, ilipigwa bila umeme, na mtu mmoja aliweza kuandamana na kwaya nzima. Vikundi vya uenezi vya shule, viwanda na jeshi vilikuwa nayo kila mahali, na vijana wengi waliojifunza ala wakati huo walianza nayo. Orodha ya nyimbo ilikuwa finyu, ikikaza nyimbo za mapinduzi na vipande vya opera za mfano zilizoidhinishwa na serikali, lakini ufundi ulipanda. “Ninalilinda Daraja Kubwa kwa Ajili ya Nchi” ya Zeng Jian, yenye mivukuto inayotetemeshwa na mkono wa kulia unaokimbia kama treni, bado ni mtihani kwa wanafunzi.

Baada ya muongo huo milango ilifunguka, na wapigaji wa China walikutana tena na kazi za Urusi, safari hii za jukwaa la tamasha. Huko Urusi tatizo la mkono wa kushoto lilikuwa limepata jibu la kiufundi. Tangu miaka ya 1950 Yuri Kazakov aliipeleka jukwaani bayan yenye besi huru, ambayo kwa swichi moja huziondoa kordi zilizokwisha kuundwa na kukipa kila kitufe sauti yake. Vladislav Zolotaryov, aliyefariki mwaka 1975 akiwa na umri mdogo, aliandika Partita na Sonata zilizoutumia uhuru huo kikamilifu, na Friedrich Lips alizipiga na kuzifundisha Gnessin.

Besi huru ilipowekwa pia kwenye kodiani ya piano, mtunzi wa Kichina hakulazimika tena kuikwepa kordi ya saba, kwa kuwa aliweza kuandika sauti alizotaka tu. Li Yuqiu, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utunzi kwa ajili ya kodiani, aliandika kazi kama zile zinazochora vinyago vya udongo vya Huishan, ambazo wapigaji huziweka leo kwenye programu moja na Zolotaryov. China sasa ni mtengenezaji mkubwa wa kodiani, zikiwemo za bei nafuu zinazouzwa kwa chapa za Ulaya, na mwaka 2011 mashindano ya dunia ya kodiani, Coupe Mondiale, yalifanyika Shanghai. Kwenye shule za watoto, hata hivyo, ala inayotumika zaidi bado ni ile ya besi za kordi, na mwalimu anayemfundisha mtoto “Katyusha” wiki moja na “Mo Li Hua” wiki inayofuata hulazimika kumweleza kwa nini safu ya saba aliyoizoea inafaa kwenye wimbo wa kwanza na inapaswa kuachwa kwenye wa pili.